Mwenye Kiti ni Nani?

Kiswahili kina methali isemayo kwamba kinyago ukichongacho mwenyewe hakikutishi. Husemwa kwa kejeli, na hukubaliwa upesi, maana mkono ulioshika tezo hauna sababu ya kuogopa kilichotoka chini ya tezo. Lakini methali hii husema kwa niaba ya mchongaji peke yake. Haina neno juu ya yule aliyekiagiza kinyago, wala juu ya mahali kilipowekwa, wala juu ya wafu ambao huenda kilichongwa kwa ajili yao. Katika ushairi hapana mhakiki ahukumuye hivyo. Hakuna asemaye kwamba shairi halina nguvu kwa kuwa mtungaji wake hakulia alipokuwa akihesabu mizani. Shairi hupimwa kwa wale linaowafikia, na kwa saa linayosomwa. Uchongaji nao una haki ya kupimwa kwa kipimo hicho, na haki hiyo haujapewa mara nyingi katika maandishi ya Kiswahili.

Sababu moja imo katika lugha yenyewe. Neno ambalo Kiswahili hulitumia kwa umbo la mtu lililochongwa ni sanamu, nalo limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni kitu kiabudiwacho badala ya Mungu. Basi msemaji wa Kiswahili hutoa hukumu kabla hajatazama. Ni kweli kwamba leo neno hilo hutumiwa kwa picha, kwa mtoto wa bandia, na kwa mnara wa shaba katikati ya mji, bila mtu kufikiri ibada yo yote. Hata hivyo, likitajwa kwa kazi ya mababu wa bara, maana yake ya kale huamka. Msikiti ulilifundisha hivyo, na kanisa, lililofika baadaye likiwa na sanamu zake lenyewe, halikulisahihisha.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika nchi ya Tabora. Ntalikwa leo ni kata ya Manispaa ya Tabora, katika nchi ya miombo iliyokuwa moyo wa misafara ya bara. Burton na Speke walifika Kazeh mwaka 1857, wakawakuta wafanyabiashara wa pwani wamekwisha kukaa. Livingstone alikaa Kwihara mwaka 1872 akingojea wapagazi. Kwa njia hiyo zilipita pembe za ndovu na watumwa kwenda pwani, zikaja nguo, shanga na bunduki. Kiswahili nacho kilipanda kwa njia iyo hiyo, kikiwa kimebebwa kwa sehemu kubwa na Wanyamwezi wenyewe, waliokuwa wapagazi mashuhuri kupita wote. Pamoja na Kiswahili likaja neno sanamu. Kijana wa Ntalikwa asomaye sanaa ya nchi yake hana budi kuanza na neno ambalo limekwisha kumwambia kwamba kazi ya babu zake ilikuwa kosa, au, likimhurumia, kwamba ilikuwa mchezo.

Ipo kazi moja inayotosha kuujaribu ukweli wa neno hilo. Katika Makumbusho ya Ethnolojia ya Berlin kimo kiti cha enzi cha Kinyamwezi kitokacho Buruku, kilichochukuliwa huko mwishoni mwa karne ya 19, miaka michache baada ya Mtemi Isike wa Unyanyembe kujilipua ndani ya ngome yake, Januari 1893, asikubali kutiwa mikononi mwa Wajerumani. Kina miguu mitatu na kikao cha mviringo kama viti vingi vya watu wa nchi ile. Kinachokitenga na viti vingine ni egemeo lake refu, na katika egemeo hilo limechongwa umbo la mtu. Umbo lenyewe ni la uchache. Kiwiliwili ni kirefu, viungo ni vyembamba, na uso hauna zaidi ya yale yanayolazimu uso kuwa uso. Hapana misuli, hapana tabasamu, hapana dalili ya umri. Mchongaji ameacha mengi sana, naye hakuyaacha kwa kutojua. Mtu awezaye kuchonga mguu wa kiti ukapinda kwa ulinganifu aweza pia kuchonga kidole. Amenyima kama mshairi anyimavyo, ambaye mizani nane zikimtosha haongezi ya tisa.

Wengi waliolitazama umbo hili wameuliza ni la nani: je, ni mtemi wa kale, ni mama wa ukoo, au ni mlinzi asiye na jina? Ni swali la haki, ila si la kwanza. Swali la kwanza ni la mahali. Umbo limewekwa mgongoni. Aketiye katika kiti halioni. Ajaye kushtaki au kuomba, akiwa amepiga magoti mbele ya mtemi, hulizibiwa na mwili wa mtemi. Huonekana lote pale kiti kikiwa kitupu. Hapa ndipo hoja ya wale wasemao kwamba uchongaji huu ni pambo la ukubwa tu inapopungukiwa. Watemi wa karne ya 19 walijua sana kujipamba, na kila pambo lao liliwekwa mbele, penye macho ya watu. Kibangwa, lile duara la gamba la konokono wa bahari ya Hindi lililopanda kwa njia ya misafara likawa alama ya utemi, kilivaliwa mbele ya watu ili kionekane. Nani basi apambaye mahali ambapo mwili wake mwenyewe utaficha pambo?

Hoja ya pili, ya wale wasemao kwamba umbo hili ni mungu wa mti, huanguka kwa upesi zaidi. Wanyamwezi walimjua Mungu kwa majina kadha, kama vile Likube, na Limatunda aliye muumba, nao hawakumchonga. Waliwakumbuka wafu wao kwa matambiko, na matambiko hayo hayakuhitaji umbo la mtu. Vijumba vidogo vya mizimu, unga uliochanganywa na maji, pombe, kondoo au mbuzi: hivyo vilitosha. Mzee aliweza kusema na baba yake aliyekufa maisha yake yote pasipo kuwa na kipande kimoja cha mti chenye uso. Ikiwa ibada haikulihitaji umbo, hapana budi liliitwa na haja nyingine, nayo yaelekea kuwa haja ile ile iitayo ushairi katika lugha: kulisema jambo ambalo halisemeki kwa maneno ya kila siku bila kuharibika.

Jambo lenyewe lililosemwa katika kiti ni lipi? Msaada wapatikana katika Kiswahili, lugha ile ile iliyoleta neno sanamu. Katika uganga wa pepo wa pwani, mtu aliyepandwa na pepo huitwa kiti. Pepo humpanda, hunena kwa kinywa chake, na watu wakiuliza wanamwuliza pepo, si yeye. Mtu ni kiti. Mwenye kiti ni mwingine. Bara nako vilikuwako vyama vya watu wapandwao na mizimu, na chama cha Waswezi kilijulikana sana katika Unyamwezi. Hapana haja ya kudai kwamba mchongaji wa Buruku alilijua tamko la waganga wa pwani. Inatosha kuona kwamba fikira moja ilizaa tamko huku na umbo huko. Mtemi ameketi juu ya mti, na mgongoni pake yuko mtu wa mti. Akinena, nani anena? Akikata shauri, ni nani alikataye? Kiti chasema kwamba mtemi mwenyewe ni kiti. Amekaliwa. Uzito anaouhisi mgongoni ni uzito wa wale waliotangulia, nao ndio wenye nchi.

Fumbo hili halikuweza kusemwa mbele ya mtemi kwa maneno. Lingekuwa tusi, au lingekuwa sifa ya kinafiki. Likichongwa kwenye egemeo, lilikuwa amani. Mtemi aliweza kulikalia kila siku bila kuaibishwa, na watu waliweza kulijua bila kulitamka. Fumbo hufumbiwa mjinga, mwerevu huling'amua; na katika kiti hiki hata mjinga hakuumizwa, maana kwake lilibaki kuwa egemeo zuri.

Jina la utemi lenyewe lazidi kuikaza fikira hii. Husemwa kwamba limetokana na kutema, na wengine hufasiri kutema kuwa ni kufyeka msitu kwa ajili ya makao mapya, wengine kuwa ni kukata maneno ya mashauri. Kwa fasiri ya kwanza, mtemi ni mtu aliyeukata msitu, akaketi juu ya kipande cha msitu. Mti uliokatwa umerudi mgongoni pake, nao una uso.

Si Unyanyembe peke yake iliyoliweka umbo mahali pa namna hii. Karibu na mwanzo wa njia ya misafara, katika nchi za Wazaramo, Wakwere na Wadoe nyuma ya Bagamoyo, yuko mwana hiti, umbo dogo lisilo na mikono wala miguu, lenye kichwa, maziwa, kitovu, na nywele zilizosukwa zikasimama. Mwali hupewa awe naye wakati wa kukaa ndani, amtunze kama mtoto. Kichwa cha mwana hiti huonekana pia juu ya fimbo na juu ya ala za muziki, na kutoka kwa Waluguru na jirani zao viko viti vya egemeo refu vilivyomalizikia juu kwa kichwa cha namna hiyo. Msafiri aliyetoka pwani kwenda Tabora alipita basi katika nchi zilizojua kwamba mahali pa umbo si penye jicho bali penye mwili: mikononi mwa msichana, katika kiganja cha mshika fimbo, mgongoni mwa mkubwa. Mwana hiti husomwa kwa ngozi kabla ya kusomwa kwa macho. Hakuna pungufu katika kukosa kwake mikono. Mwali atakayemshika ndiye mwenye mikono.

Pwani yenyewe ilikataa umbo la mtu katika mti. Milango ya Lamu na Unguja ina majani, maua, minyororo na maandishi, na uzuri wake hauhitaji kutetewa. Lakini haja ya kumsimamisha mtu asiyekuwapo haikufa pwani. Ilihamia katika beti. Ushahidi mkubwa ni habari za Fumo Liyongo, kama zilivyotungwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu katika utendi wa mwaka 1913. Kijumwa, jambo lisilokumbukwa na kila msomaji, alikuwa mchongaji pia, na milango aliyoitia nakshi ilimpa sifa katika mji wake. Katika utendi wake Liyongo, akiisha kuchomwa kitovuni na mwanawe, huenda kisimani, hupiga goti, hutia mshale katika upinde, na kufa katika hali hiyo. Watu hawathubutu kuteka maji. Wanamtazama kwa mbali, mtu aliyeelekeza upinde, na kwa siku kadha hakuna ajuaye kwamba hayumo tena mle ndani.

Hapana mfano ulio bora zaidi wa maana ya umbo lililochongwa. Liyongo wa kisimani ni mwili usio na pumzi, nao unalinda mahali. Hali yake ya kuketi ndiyo iliyobaki na amri. Pwani ililolikataa umbo katika mti imelichonga kwa maneno, na aliyelichonga ni fundi wa tezo na patasi. Na methali ya kinyago yapata jibu kwake: waliomwogopa Liyongo hawakuogopa mti wala nyama, waliogopa mapatano yao wenyewe na mtu yule, ambayo hayakufa siku aliyokufa. Mtemi wa Buruku na watu wake walikuwa na mapatano ya namna hiyo, na kiti kilikuwa mahali pake.

Ni rahisi kuona kilichopotea kiti kilipohamishwa. Katika shairi la Kiswahili mshororo mmoja hugawanyika vipande viwili, ukwapi na utao, na kipande cha kwanza kikisomwa peke yake sikio hubaki likingoja. Kiti hiki ni ukwapi. Utao wake ulikuwa mtu aliyeketi, mwili wenye joto uliokuja kati ya umbo na watu. Jumba la makumbusho huonyesha ukwapi kwa taa nzuri, na watazamaji, wasiojua kwamba mshororo haujaisha, husifu ukimya wake. Wanaliona umbo lote kila siku, kuanzia saa ya kufungua mpaka saa ya kufunga. Hali hiyo, ya umbo kuonekana lote, nyumbani ilikuwa na maana moja tu: kiti hakina mtu.

Maonyesho mawili makubwa ya uchongaji wa Tanzania yaliyofanywa ng'ambo yalichukua majina ya Kiswahili, na majina hayo yastahili kuhakikiwa kama kazi zenyewe. La kwanza lilifanywa Ujerumani mwaka 1994, Berlin na Munich, likiwa na maneno ya Kiswahili chini ya jina la Kijerumani: Sanaa za Mabingwa wa Kiafrika. Aliyechagua maneno hayo aliliepuka neno sanamu, na kwa kuliepuka alitenda haki. Sanaa ni neno la kazi na ustadi. Bingwa ni mtu mwenye kustahili jina, ijapokuwa majina ya mabingwa wengi waliochonga kazi zile hayakuandikwa na waliozichukua. La pili lilifanywa New York mwaka 2013, nalo liliitwa Shangaa. Jina hili lina mvuto, na lilifaa kwa watu waliokuwa wamezoea kusikia kwamba Afrika Mashariki haina uchongaji wa kutajwa mbele ya ule wa Kongo au wa Afrika Magharibi. Wazo hilo lilitawala vitabu muda mrefu, na kuwaamuru wasomaji wake washangae ni adhabu ndogo kwao. Lakini kushangaa ni tendo la macho. Kiti cha Buruku hakikuchongwa kimshangaze mtu. Kilichongwa kikaliwe, na aliyekikalia akumbuke kwa mgongo. Kati ya majina haya mawili, la kwanza ni baridi zaidi na ni la kweli zaidi.

Uchongaji wa Wamakonde, ambao ndio jina la Tanzania katika maduka ya dunia, haufai kutumiwa kuwa ufunguo wa kazi hii, ingawa mara nyingi hutumiwa. Vinyago vya mashetani na vya ujamaa vilivyositawi Dar es Salaam katika nusu ya pili ya karne ya 20 vilichongwa vitazamwe pande zote na mnunuzi asiyejulikana. Ni sanaa yenye nguvu zake, na baadhi yake ni kubwa. Ila ni sanaa isemayo yote. Mhakiki aliyezoea usemaji wake akija kwa umbo la Kinyamwezi huliona kuwa bubu.

Yapo sasa madai, katika Tanzania na nje yake, kwamba vitu vilivyochukuliwa wakati wa Wajerumani virudishwe. Madai hayo yana haki, na hoja ya haki haihitaji msaada wa uhakiki wa sanaa. Uhakiki una swali lake lingine, lililo gumu zaidi. Utawala wa watemi uliondolewa na sheria mwaka 1963. Abdallah Said Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, alikuwa pia waziri katika serikali ya kwanza ya Tanganyika huru. Aliishi mpaka mwaka 2007, akajulikana na Watanzania wengi zaidi kwa siasa zake kuliko kwa utemi wake. Kiti kikirudi Tabora kesho, kitawekwa wapi, na nani ataketi? Akiketi mtu asiye mtemi, amecheza. Asipoketi mtu, Tabora itakuwa imepata kile kile ilicho nacho Berlin, ukwapi wenye taa nzuri; tofauti, na si ndogo, ni kwamba watazamaji watakuwa wajukuu wa wale waliolijua fumbo, na baadhi yao bado hutia unga na maji kwa ajili ya wafu wao.

Jibu moja limekwisha kujaribiwa kwa jirani. Wasukuma, ambao lugha yao na desturi zao zinakaribiana sana na za Wanyamwezi, wana makumbusho yao Bujora, karibu na Mwanza, yaliyoanzishwa na Padri David Clement. Humo yako makao ya kumbukumbu za watemi, yenye ngoma zao, na jengo hilo limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Mtu haketi juu yake, huingia ndani. Mwanafunzi aliyefika huko na daftari husimama katikati ya ngoma, chini ya kikao, mahali ambapo katika kiti cha kweli pangekuwa na kivuli kati ya miguu mitatu, na juu yake, ambako mtemi angeketi, hapana mtu anayeonekana.